Sabufa ya Gari na Mambo Yanayoileta Sauti Nene

Makala haya yahusu chombo kimoja cha ufundi, nacho ni ile spika iwekwayo na kiwanda nyuma ya gari au chini ya kiti kwa ajili ya sauti nene, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita sabufa, na wenzao wa Kenya huiita wufa. Wenye magari wengi huona kwamba sabufa ya kiwandani haiwatoshi, nao huenda kwa fundi ili aiboreshe; na wengi wao hurudi nyumbani wametoa fedha nyingi wakapata kelele badala ya besi. Nia yangu ni kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi kazi hiyo ipasavyo kufanywa. Lakini kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa lugha, nitasema tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo, kwa maoni yangu, haitoki katika chuma wala waya, bali yatoka katika maneno. Mteja husema neno moja, fundi hulisikia jingine, na mwenye duka huuza la tatu.

Tuanze na neno sauti lenyewe. Katika Kiswahili sauti ina sifa mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ukubwa: sauti kubwa ni ile isikikayo mbali, na sauti ndogo ni ile ya mnong'ono. Ya pili ni unene: mwanamume mzima aghalabu huwa na sauti nene, na mtoto huwa na sauti nyembamba, na mtoto huyo mwenye sauti nyembamba aweza kulia kwa sauti kubwa hata jirani wa nyumba ya tatu akaamka. Lugha yetu imezitenga sifa hizi mbili vizuri sana. Waingereza hutumia maneno yao ya juu na chini kwa zote mbili, nasi siku hizi twawafuata, maana twasema "ipandishe sauti," "ishushe sauti," na "sauti ya chini" bila kueleza kama twataka kelele zipungue au unene uongezeke. Mteja aingiapo karakana akasema, "Fundi, niongezee sauti, haivumi," amekwisha kusema mambo mawili katika pumzi moja. Neno la mwisho ndilo alilolikusudia, walakini la kwanza ndilo litakalofanyiwa kazi.

Kitenzi hicho cha kuvuma chastahili kuangaliwa. Upepo huvuma, bahari huvuma, nyuki huvuma, na ngoma huvuma. Watu wa pwani walikuwa na ngoma iitwayo vumi, jina lililotokana na kitenzi hichohicho, nayo ilijulikana mbali na ngoma ndogo iitwayo chapuo, ambayo hailetewi sifa ya kuvuma hata ikipigwa kwa nguvu namna gani. Basi aliyesema kwamba spika yake haivumi amesema neno sahihi kabisa la fani hii. Hakutaka spika ipige kelele zaidi, alitaka iwe vumi badala ya chapuo.

Neno jingine liletalo matatizo ni masafa. Watangazaji wa redio hulitumia kwa idadi ya mitetemo ya wimbi, ilhali maana yake ya kawaida ni umbali wa mahali na mahali. Katika habari za besi tutahitaji mambo yote mawili katika sentensi moja, kwa kuwa wimbi lenye mitetemo michache ni refu, na lenye mitetemo mingi ni fupi. Kwa hiyo katika makala haya nitasema mitetemo kwa sekunde, au hezi, kwa jina la Heinrich Hertz wa Ujerumani, na neno masafa nitaliacha kwa umbali peke yake.

Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi. Sabufa hupewa sehemu ndogo sana ya chini, kwa kawaida tangu hezi 20 au 30 hadi 80 au 100. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi la nyuzi nne, likiwa limetengenezwa sauti kwa namna ya kawaida, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi; basi wimbi la uzi huo lina urefu wa mita 8 na kitu, yaani laipita gari lote kwa urefu na kubaki. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo lifanyalo gari liwe tofauti na sebule.

Hapa msomaji aweza kuuliza: ikiwa spika ndogo ya redio ya mkononi haiwezi kutoa hezi 41, mbona nasikiliza muziki wa dansi katika redio hiyo na nalisikia gitaa la besi? Swali ni zuri. Uzi ukitetema mara 41 hutoa pia mitetemo ya 82, 123, 164 na kuendelea, na hiyo spika ndogo huweza kutoa baadhi yake. Akili ya msikilizaji huzichukua hizo zilizofika, ikatambua kwamba zote ni mafungu ya 41, ikajitungia yenyewe ile sauti ya msingi isiyokuwapo. Ni kama mtu asikiaye konsonanti tu katika kelele za soko naye akafahamu neno zima. Lakini kufahamu si kuhisi. Wimbi lililotungwa na akili halimgongi mtu kifuani. Mwenye gari anayesema kwamba besi ipo lakini haina uzito asidhaniwe kuwa mjuaji. Ameeleza kwa usahihi tofauti ya sauti itambuliwayo na sauti ifikayo mwilini.

Sasa spika hufanyaje sauti nene? Spika ya namna tuijuayo leo, yenye koili ya waya katikati ya sumaku na koni iliyoshikizwa kwa ukingo laini, ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric mwaka 1925, na tangu hapo asili yake haikubadilika sana. Umeme huingia katika koili, koili husukumwa na sumaku mbele na nyuma, na koni husukuma hewa. Kazi yote ni kusukuma hewa. Nayo sauti nene yadai hewa nyingi kupita kiasi ambacho watu hukidhania: ili spika itoe sauti yenye ukubwa uleule, ukiipunguza idadi ya mitetemo kwa nusu, koni yapaswa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni inayotembea milimeta 1 kwa hezi 80 itahitaji milimeta 4 kwa hezi 40, na milimeta 16 kwa hezi 20. Spika nyingi za mlangoni haziwezi hata hiyo ya pili. Tena sikio letu lenyewe si jepesi kwa sauti nene. Harvey Fletcher na Wilden Munson walipima jambo hili mwaka 1933, na vipimo vilivyofuata vimethibitisha, kwamba sauti ya hezi 50 yahitaji takriban desibeli 30 zaidi ili isikike sawa na sauti ya wastani ya hezi 1,000. Kwa hiyo spika ya besi ina mizigo miwili, wa hewa na wa sikio.

Mwenye kiwanda ayajua haya yote. Lakini yeye hutafuta wepesi wa gari, nafasi ya mizigo, na bei. Basi huweka spika yenye kipenyo cha sentimeta 20 au pungufu katika ubao wa nyuma ya viti, na kuliacha buti liwe boksi lake. Au kama BMW ilivyofanya katika magari yake mengi, huweka spika chini ya viti vya mbele na kutumia uwazi ulio ndani ya kizingiti cha mlango kuwa boksi. Huo ni ubunifu mzuri, nami siudharau. Kisha, ili spika hiyo ndogo isivunjike, mitambo ya magari mengi ya siku hizi hupunguza besi kwa siri kadiri dereva aongezavyo sauti. Mtu hugeuza kitufe, muziki wapanda, besi yabaki nyuma. Yeye hudhani spika imechoka, kumbe ni agizo la kiwandani.

Hapo ndipo mwenye gari hufanya kosa la kwanza, nalo ni la kubadili spika peke yake. Huenda dukani akanunua sabufa iliyoandikwa wati 1000, akaifungisha mahali pa ile ya zamani na kwa umeme uleule wa zamani, naye akashangaa kwamba sasa sauti imepungua. Fundi hulaumiwa, duka hulaumiwa. Lakini hebu tulitazame neno lililoandikwa. Watu wengi husoma wati za spika kama wasomavyo nguvu za farasi za injini, yaani kazi ambayo chombo chaweza kuifanya. Sivyo. Wati za spika ni kiasi cha umeme ambacho spika yaweza kukipokea bila kuungua. Gunia lenye uwezo wa kubeba kilo 100 halina kilo 100 ndani yake mpaka mtu azitie. Tena spika iliyoundwa kustahimili umeme mwingi mara nyingi ina koni nzito na ukingo mgumu, na hivyo huhitaji umeme zaidi ili kutoa sauti ileile. Ikipewa wati chache za kiwandani hukaa kama fahali aliyefungiwa mkokoteni wa mtoto. Na spika karibu zote hugeuza kiasi cha asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, mara nyingi pungufu. Kilichobaki chote huwa joto.

Kuna pia udanganyifu wa namna mbili za wati. Moja ni ya kudumu, ambayo chombo chaweza kuichukua saa nzima; nyingine ni ya kilele, ambayo chaweza kuichukua kwa kufumba na kufumbua. Wauzaji huandika ya pili kwa herufi kubwa. Kiswahili kingekuwa na faida kubwa kama maneno wati za kudumu na wati za kilele yangezoeleka katika matangazo, maana mnunuzi angekuwa na swali la kuuliza. Asiye na neno la kuulizia huondoka na alichopewa.

Redio ya gari peke yake, isiyo na amplifaya ya ziada, haiwezi kutoa zaidi ya wati 20 hivi za kudumu kwa kila spika, na sababu yake ni hesabu ndogo. Gari likiwa linawaka, betri na jenereta hutoa volti 14 na kitu. Wimbi la sauti ambalo kilele chake ni volti 14.4 lina thamani ya kazi ya volti 10 na kidogo. Volti 10 zikizidishwa kwa 10, kisha kugawanywa kwa omu 4 za spika, hutoa wati 25, na humo yatoke yapoteayo njiani. Maandishi ya "50 x 4" yaliyo usoni mwa redio ni wati za kilele. Amplifaya ya kando huipita hesabu hii kwa kuwa ndani yake mna chombo cha kupandisha volti kwanza. Basi ni kweli kwamba atakaye besi ya haki atahitaji amplifaya. Lakini ajue kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo msikilizaji hulitambua kwa shida kidogo. Na ili sauti isikike kana kwamba imekuwa mara mbili, wati zapaswa kuzidishwa mara 10 hivi. Njia ya wati ni njia ya gharama.

Njia ya gharama ndogo ni boksi, nalo ndilo ambalo neno sabufa limetuficha. Katika nyumba zetu neno hili limechukua maana ya seti nzima ya muziki, yaani boksi, spika ndogo zake na amplifaya yake iliyomo ndani. Mtu husema amenunua sabufa, naye amenunua vyombo vitano. Katika karakana ya magari neno hilohilo ni la spika tupu yenye koni na sumaku. Mteja wa nyumbani akisikia bei ya sabufa ya gari hudhani boksi limo, na akilitajiwa boksi hudhani ni pambo, au ni njia ya fundi ya kujiongezea ujira. Hapana mpiga ngoma atakayedhani hivyo. Ngozi iliyoangikwa ukutani haivumi. Mzinga ndio unaoifanya ngoma. Spika isiyo na boksi husukuma hewa mbele na wakati huohuo kuivuta nyuma, na hewa hizo mbili, zikikutana ukingoni mwa koni, hufutana. Kwa sauti nyembamba hasara si kubwa, kwa sauti nene hasara ni karibu yote.

Mabokisi ya kawaida ni ya namna mbili. La kwanza limefungwa pande zote, hata hewa isitoke. Hewa iliyofungwa ndani huwa kama springi nyuma ya koni, huirudisha mahali pake kwa upole kuliko chuma. Edgar Villchur wa Marekani ndiye aliyelieneza wazo hili katika spika yake ya mwaka 1954, ambayo ilikuwa ndogo ikatoa besi iliyowashangaza watu waliozoea mabokisi makubwa kama kabati. Boksi hili huvumilia makosa madogo ya fundi. Besi yake ni kavu, hufuata mdundo vizuri, na hushuka polepole kadiri mitetemo ipunguavyo.

La pili lina tundu, na ndani ya tundu bomba. Asili yake ni kazi ya Hermann von Helmholtz, aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 jinsi chombo chenye shingo na tumbo kilivyo na sauti yake kimoja kimoja. Kila mtoto aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa aijua. Albert Thuras wa Bell Telephone Laboratories aliipatia hati ya uvumbuzi katika spika mwaka 1932. Hewa iliyo katika bomba hucheza kama koni ya pili, nayo huisaidia spika karibu na idadi moja ya mitetemo iliyochaguliwa. Idadi hiyo si ya bahati. Boksi la lita 50 lenye bomba la kipenyo cha sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 31 hivi litavuma kwa hezi 35; bomba likifupishwa, sauti yapanda; boksi likikuzwa, sauti yashuka. Neville Thiele wa Australia aliweka hesabu za mambo haya katika mwaka 1961, na Richard Small akazikamilisha katika miaka ya 1970, na vipimo vyenye majina ya wawili hao huchapishwa katika karatasi ijayo na kila spika ya haki. Karatasi hiyo mafundi wengi huitupa pamoja na katoni. Kisha hukata tundu kwa kukisia, na boksi huvuma kwa noti moja tu, hata wimbo uwe upi. Ndiyo ile besi ya "bum bum" iwachoshao wasikilizaji. Tena chini ya idadi yake boksi lenye tundu haliishiki koni kabisa, na spika huweza kujirusha hata ikapasuka.

Mimi mwenyewe, kwa gari la kawaida, hupendelea boksi lililofungwa, na sababu ni ule urefu wa wimbi tulioutaja. Ndani ya gari lenye urefu wa mita 2.5 tangu kioo cha mbele hadi cha nyuma, nusu ya wimbi la hezi 69 hulingana na urefu huo. Chini ya hapo mawimbi hayana tena nafasi ya kusafiri. Spika yawa kama pampu inayobana na kulegeza hewa ya chumba kizima kwa pamoja, na mbano huo huongezeka kadiri mitetemo ipunguavyo. Katika chumba kisichovuja kabisa ongezeko lingefika desibeli 12 kwa kila nusu ya mitetemo. Gari huvuja na bati lake hunesa, kwa hiyo hupatikana pungufu. Hata hivyo boksi lililofungwa hushuka kwa kiasi hichohicho, basi kushuka kwa boksi na kupanda kwa gari hukaribiana kufutana. Ni neema ambayo mwenye sebule hana. Boksi lenyewe liwe la ubao mzito, wa MDF wa milimeta 18 au plaiwudi nzuri, na viungo vipakwe gundi vizuri.

Bati nalo lasema. Kabla ya kununua chochote yafaa mtu acheze wimbo wenye besi, kisha apite gari zima akiweka kiganja juu ya ubao wa namba, mfuniko wa buti, milango na dari. Kila mahali patetemapo pameila besi na kuirudisha kama kelele nyembamba. Mikeka ya lami au ya mpira mzito ibandikwayo ndani ya milango hugharimu kidogo, nayo mara nyingine hutosha.

Juu ya umeme sitasema mengi, ila mambo ambayo kuyaacha kumewahi kuunguza magari. Amplifaya ya wati 500 za kudumu, ya namna za kisasa zisizopoteza umeme mwingi, huvuta ampea 45 hivi ikiwa kazini kwa nguvu zote. Za namna ya zamani huzidi 60. Waya wa shaba wa milimeta za mraba 20 hivi hutosha kwa masafa ya betri hadi buti. Madukani zipo waya za alumini zilizopakwa shaba, ambazo kwa macho hazitofautiani na shaba tupu, nazo hupitisha umeme kwa theluthi mbili hivi tu. Zikwaruzwe kwa kisu kabla ya kulipiwa. Fyuzi iwekwe karibu na betri, isipite sentimeta 45, kwa sababu kazi yake si kuilinda amplifaya bali kuulinda waya, na waya ukikwaruzika kabla ya fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka. Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Redio ya kiwandani yaweza kubaki, kwa kuwekewa kigeuzi kinachochukua ishara katika waya za spika. Ila kama ni redio ipunguzayo besi kwa siri, kigeuzi kitaipokea besi iliyokwisha kupunguzwa, na itabidi kutafuta kile chenye uwezo wa kuirudisha. Wenye magari yaliyotoka Japani mara nyingi huamua kubadili redio kwa sababu nyingine kabisa, maana redio za huko zilitengenezwa kuanzia 76, na nyingi huishia 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Wakibadili, basi na wachague ile yenye matundu ya sabufa.

Katika kulinganisha sauti, kitufe cha amplifaya ambacho mafundi hukiita geini si kitufe cha sauti, ingawa wengi hukigeuza hadi mwisho. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Kikizidishwa, vilele vya wimbi hukatwa, sauti hukwaruza, na koili ya spika hupokea joto bila kupata nafasi ya kupoa. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na hapa ndipo hupasukia. Sabufa ikomeshwe kwenye hezi 80 hivi, na spika za milangoni zianzie hapo. Kisha jaribio moja la bure: geuza waya mbili za sabufa, chanya iwe hasi, na usikilize ukiwa katika kiti cha dereva. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa mita 4 na kitu, na ikiwa sabufa iko mbali na sikio kuliko spika za milangoni kwa mita 2, kama iwavyo katika gari refu la abiria, mawimbi yaweza kufika yakiwa kinyume na kufutana. Upande utakaoleta besi nzito zaidi ndio wa kubakiza. Nimesikia ikisemwa kwamba sabufa fulani imekufa, na ugonjwa wake ulikuwa waya mbili tu.

Labda mtu atauliza kwa nini nimeliacha neno sabufa kama lilivyo, wala sikupendekeza neno la asili. Mwaka 1930, ambao ndio mwaka Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi, ndio pia mwaka ambao redio ya gari ya kwanza yenye jina la Motorola iliuzwa Marekani. Na chombo hicho cha redio watu wetu walikiita simu ya upepo. Jina lilikuwa zuri, lakini redio limelishinda. Vivyo hivyo kipaza sauti hutumiwa kwa kile cha kusemea na kwa kile cha kusikilizia, na fundi hawezi kufanya kazi na neno lenye miisho miwili ya waya. Spika, amplifaya, boksi, fyuzi na sabufa vyatosha kwa vyombo. Tunachokosa ni matumizi thabiti ya maneno ya sifa ambayo tayari ni yetu: unene wa sauti mbali na ukubwa wake, mvumo mbali na kelele, wati za kudumu mbali na za kilele, na spika mbali na boksi lake.

Limebaki sikio. Vipimo vya kazini vitumiwavyo katika nchi nyingi huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka wa usalama, na taasisi ya usalama kazini ya Marekani huupunguza muda huo kwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezwa: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91. Vipimo hivyo hata hivyo hulihesabu sikio, na sikio, kama tulivyoona, halijali sana sauti nene. Kwa hiyo gari laweza kuwa na besi inayotikisa madirisha ya nyumba ya jirani ilhali kipimo chaonyesha tarakimu ya unyenyekevu. Wimbi refu hupita ukutani ambamo wimbi fupi hukwama, ndiyo maana matatu ikipita usiku mtu aliye kitandani husikia mdundo tu, bila mwimbaji. Kanuni zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2009 zimetaja kelele na mitetemo iliyozidi kama mambo mawili, wala hazikuyaweka katika neno moja. Atakayezifasiri kwa Kiswahili ayatenge vilevile.